Picha Tisa

Saiba yangu iko Pipeline, chini ya ghorofa saba,
mahali ambapo jua huja kwa dakika ishirini
halafu hukumbuka kwao.
Bi. Syombua aliingia pamoja na jua hilo,
mfuko kwapani, kitambulisho kimefungwa ndani ya leso,
akitaka cheti cha mwenendo mwema,
maana hoteli moja ya Westlands imemwahidi ufagio.

Kabla ya kumuuliza kama ni mwema
tovuti ilitaka kujua kama ni mtu.

"Mimi si roboti," nilimsomea. "Nitie tiki?"
"Tia. Kwani nani amesema ni roboti?"

Tiki haikutosha. Zikaja picha tisa, tatu kwa tatu,
za mji ambao hatujawahi kuukanyaga.
Chagua zenye bomba la zimamoto.
Akavuta kiti. "Kile kifupi chekundu?
Nilidhani ni mtoto amevaa kofia.
Sisi moto ukiwaka kwa Njenga tunabeba ndoo,
ndoo zikikauka tunabeba watoto."
Nikabofya kwa kubahatisha. Tukakosa.

Chagua zenye taa za barabarani.
"Na nguzo je? Nguzo nayo ni taa?"
Swali hilo, mama, limewashinda wenye digrii.
"Taa bila nguzo si itaanguka,"
akasema, nami nikaihesabu nguzo.
Tukakosa tena.

Ndipo akauliza, bila hasira,
kama mtu anayeuliza bei ya sukuma,
"Inanishuku kwa nini? Nimeiibia nini?"

Nikamweleza nijuavyo:
kwamba kuna programu zisizolala,
kwamba mwezi wa tatu nafasi za kupimwa vidole
zilifunguliwa saa sita usiku
na saa sita na dakika mbili hazikuwepo;
asubuhi kijana mmoja aliziuza kando ya kibanda cha chapati,
mia tano mia tano,
kijana ambaye usiku kucha alikuwa amelala fofofo.
Mlango ukigongwa mara elfu kumi kwa pumzi moja,
aliye ndani ana haki ya kuogopa.

"Basi ni hodi," alisema.
Ndiyo. Ni hodi.
"Lakini kwetu ukipiga hodi ukaulizwa nani,
unasema 'mimi',
na sauti inatosha."

Sikuwa na jibu. Nilijifanya natazama wino wa printa.
Nilikuwa namkumbuka Mwalimu Kibos, darasa la saba,
na ngeli zake ubaoni:
A-WA kwa wenye pumzi, I-ZI kwa redio na meza,
na kiboko kwa kila aliyesema meza amevunjika.
Lugha ilishaweka mlinzi langoni
kabla umeme haujafika kwetu,
na hakuna aliyeonyeshwa picha.

Mara ya tano: pikipiki.
Hapo akausukuma mkono wangu, akashika kipanya mwenyewe.
Miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu South B
imevilainisha vidole vyake kama kipande cha sabuni kilichobaki beseni;
wiki ijayo kile kifaa cha alama
kitavitazama na kisione kitu.
Nilijua. Sikumwambia.

"Hii. Na hii.
Hii haina abiria, lakini ni pikipiki.
Hii ni ncha ya gurudumu tu,
wacha niichague nayo, isijione si kitu."

Duara likazunguka. Likazunguka.
Jua lilikuwa limeshaondoka, sijui saa ngapi.
Kisha tiki, ya kijani.

Bi. Syombua akacheka, akakirudisha kitambulisho kwenye leso,
akafunga fundo kwa meno.
"Amekubali," alisema.

Si imekubali.
Amekubali.

Nilifungua mdomo nisahihishe,
nikaufunga,
nikapokea shilingi hamsini, nikamrudishia ishirini.